Gitaa la mzee, lile la mgongo wa bakuli: nilitengeneze au niliuze nichukue jipya? Naombeni ushauri

Mkaa_Waterbury
Wakuu, salaam. Mimi huwa msomaji tu humu, lakini hili jambo linaninyima usingizi, leo wiki ya pili.

Mzee alituachia gitaa kavu aina ya Ovation. Kwa wasiolijua: mgongo wake si wa mbao wala si bapa, ni wa duara kama bakuli la kukandia unga, umefinyangwa kwa nyuzi za kioo na gundi ya kiwandani. Usoni halina lile tundu moja kubwa la katikati. Lina vitundu vidogo vidogo pande mbili huku juu, vimezungushiwa majani ya mbao za rangi. Mzee alilinunua Hartford, Connecticut, mwaka 1974, alipopelekwa kozi ya bima. Likakaa Tanga miaka yote hiyo. Nilipokuja Marekani nikaja nalo, na mambo ya Mungu, nimeangukia Waterbury, si mbali na New Hartford ambako haya magitaa yalikuwa yanatengenezwa.

Sasa uso umepasuka, ufa unatoka pale nyuzi zinapofungwa hadi chini, na nyuzi zenyewe zimenyanyuka mno, ukibana vidole vinauma. Fundi anataka dola 480. Huku nyuma kampuni imefufuka na mapya yanatoka. Nimelishika moja dukani, wakuu, niliacha kupumua. Nikiuza hili nikaongeza kidogo, nachukua jipya. Jina lilelile, bakuli lilelile.

Nifanyeje?

Chumvi_ya_Mawe
Ngoja wajuvi waje. Nakaa siti ya mbele na karanga zangu.

Binti_Pangani
Pole sana kwa msiba, kaka. Mungu amlaze mzee mahali pema.

Sauti_ya_Tatu
Mkuu, umenigusa pabaya. Kwaya yetu huku Moshi ina Applause, ndugu yake mdogo wa hilo Ovation, alituletea mmisionari mmoja alipokuwa anarudi kwao. Siku ya kwanza mwalimu wa kwaya aliligeuza akauliza, "Hili ni gitaa au beseni?" Tukacheka hadi tukashindwa kuimba.

Lakini nikwambie. Tulikuwa na magitaa matatu ya mbao stoo moja nalo. Masika ya mwaka ule yalivimba migongo, moja likaachia gundi likafunguka kama kitabu. Beseni letu halikujua kama mvua imenyesha. Limeanguka kwenye ngazi za kanisa, limekaliwa na mama mmoja mnene (simtaji, bado ni mweka hazina), limesafiri juu ya Noah hadi Same. Lipo. Ukilichomeka kwenye amplifaya halipigi ule ukelele unaofukuza waumini. Kasoro yake ni moja tu: ukikaa linateleza mapajani kama mtoto asiyetaka kubebwa. Ukivaa suruali ya kitambaa umekwisha, inabidi uvae jinzi Jumapili na wazee wa kanisa wakuangalie vibaya.

Kwa hiyo kwa swali lako, nunua mkanda wa begani.

Mkaa_Waterbury
Asante, mkuu, lakini sikuuliza mkanda.

Mzee_wa_Galatoni
Vijana mnachezea pesa. Sisi Mombasa tulijifunzia galatoni, gitaa la bei rahisi, nyuzi nne, mbili tumefunga waya wa breki ya baiskeli. Na watu walicheza hadi alfajiri. Nilikuwa napiga rizimu, na solo wetu alikuwa mtu wa Voi, mkono wa kushoto. Siku moja tulialikwa harusi kule Likoni, feri ikaharibika katikati ya maji... hiyo hadithi ni ndefu, nitaileta siku nyingine. Ninachosema ni kwamba muziki uko kwenye vidole.

Fundi_Nyuzi
Mzee wangu, na vidole vinataka gitaa lisilokata ngozi, hahaha.

Mleta mada, ngoja niseme kidogo maana haya magitaa ni ugonjwa wangu. Aliyeyaanzisha, Charles Kaman, hakuwa fundi seremala. Alikuwa mhandisi wa helikopta, na mwenyewe mpiga gitaa. Kazi ya watu wa helikopta ni kuua mtetemo, maana helikopta ikitetemeka ovyo inajivunja yenyewe angani. Yeye akaligeuza swali: kama tunajua kuuzuia, je, tukitaka utoke wote? Wakajaribu maumbo wakaishia kwenye duara, kwa hoja kwamba kona za sanduku ndizo zinazonasa sauti. Ikawa 1966. Mafundi wa jadi walilisimanga kwamba ni plastiki, mpaka Glen Campbell alipoanza kuonekana nalo kwenye kipindi chake cha televisheni. Halafu wakaja na pikapu, yaani kinasa sauti cha kupeleka kwenye amplifaya, iliyofichwa chini ya nyuzi, na wapiga gitaa kavu wakaacha kugandishwa mbele ya maikrofoni kama wasoma taarifa ya habari. Hapo ndipo wengi walipolipenda, hata waliokuwa wanalicheka.

Kuhusu kufufuka: Fender ndio walilimiliki, wakafunga kiwanda cha New Hartford mwaka 2014. Drum Workshop, watengeneza ngoma wa California, wakalichukua na New Hartford pakafunguliwa tena. Siku hizi jina liko kwa GEWA, Wajerumani. Wenye magitaa ya zamani walilia lilipofungwa na wakalia tena lilipofunguliwa. Mimi ni mmoja wao, sioni aibu.

Lete picha.

Ustadh_Kibao
Urithi hauuzwi. Mali ya mzazi ina baraka zake. Leo unauza gitaa, kesho utauza kiwanja, keshokutwa utauza kaburi.

Chumvi_ya_Mawe
Kaburi linauzwaje, ustadh? Nina jirani anatafuta.

Mama_Hesabu
Mimi naomba kuuliza kabla sijashauri. Umesema mzee "alituachia". Nyinyi mko wangapi, na wenzako wanasemaje? Na mzee alifariki lini? Mirathi imefungwa?

Mkaa_Waterbury
Tuko watatu. Wenzangu hawapigi gitaa. Tusitoke kwenye mada, dada, swali langu ni kutengeneza au kuuza. Uso ukipasuka namna hii sauti inarudi kweli?

Mama_Hesabu
Nimeuliza mzee alifariki lini.

Binti_Pangani
Hata mimi nasubiri jibu, maana nilishatoa pole.

Mkaa_Waterbury
Sikusema amefariki. Nyie ndio mlisema.

Chumvi_ya_Mawe
Karanga zimenipalia.

Binti_Pangani
Kaka! Na pole yangu ukaipokea?

Mkaa_Waterbury
Sikuipokea, niliiacha tu ipite. Sikilizeni. Aliniachia uwanja wa ndege siku naondoka. Alilishika mpaka kwenye mstari wa ukaguzi, halafu akanipa, akasema, "Nenda nalo kwao, wanaolijua wakalitazame." Ndiyo hivyo. Mzee yupo Tanga, ana miaka 78.

Mama_Hesabu
Wakalitazame. Maana yake likatengenezwe lirudi.

Mkaa_Waterbury
Unaweza kulielewa hivyo. Lakini vidole vyake vimekakamaa, gauti, hata chupa ya maji anafunguliwa. Hapigi tena. Gitaa lisilopigwa ni fanicha. Mimi napiga kila usiku nikitoka zamu. Na jipya nikilipata, likizo ya Desemba nitakwenda nalo, atalishika, ataona bakuli, ataona majani yale. Atafurahi. Hata tofauti hataiona, macho nayo si yale.

Ustadh_Kibao
Subhanallah. Kwa hiyo mpango ni kumbadilishia mzee wako wa miaka 78 gitaa gizani?

Mkaa_Waterbury
Sikusema gizani.

Sauti_ya_Tatu
Mimi namwelewa kidogo. Mtu akishika kitu anachokipenda akili inaruka. Lakini mkuu, mbona unaongea kama mtu aliyekwisha kuuza?

Mkaa_Waterbury
Sijauza. Kuna bwana mmoja nilimpata mtandaoni, mkusanyaji, tumekubaliana dola 900. Amenipa advansi dola 150 tu. Gitaa bado ninalo, anakuja Jumamosi.

Mama_Hesabu
Na hiyo 150 iko wapi?

Mkaa_Waterbury
Nimeshaiweka dukani kushikilia lile jipya. Lilikuwa limebaki moja, ningefanyaje? Watu wazima hupanga mambo mapema.

Chumvi_ya_Mawe
Sasa ushauri ulikuwa unaomba wa nini? Ulitaka tukupigie makofi?

Jicho_la_Tatu
Nimesoma uzi mzima kimya. Jamani, mnakunywa chai na hamjui. Hii ni chai ya maziwa, tena yenye iliki.

Mleta mada anasema gitaa limenunuliwa 1974, na lina vitundu vidogo pande mbili na majani ya mbao. Ovation ya namna hiyo ya kwanza kabisa ni Adamas, na Adamas imetoka 1976. Mwaka 1974 mzee wako alinunua gitaa ambalo halijazaliwa? Halafu marehemu anafufuka katikati ya uzi. Halafu mkusanyaji wa dola 900. Kila mkikaribia kuchoka kinaletwa kionjo kipya. Mtunzi huyu, tena si mbaya.

Fundi_Nyuzi
Huyu yuko sawa kuhusu 1976. Aibu yangu, ilinipita kabisa, nilikuwa nimezama kwenye helikopta.

Binti_Pangani
Nirudishieni pole yangu.

Mzee_wa_Galatoni
Hata mimi niliona harufu. Mtu wa bima hawezi kupiga gitaa.

Mkaa_Waterbury
Kwa hiyo mimi ni mwongo. Sawa. Nimetoka zamu saa tisa usiku, nimechoka, na ninaitwa mwongo na watu wanaojiita majina ya chumvi. Nina picha ya mzee amevaa koti zito mbele ya jengo la Hartford, theluji miguuni, nyuma ya picha imeandikwa 1974 kwa mkono wake. Hadithi ya hilo gitaa nimelelewa nayo. Kila Idi lazima aisimulie: baridi, duka la kona, muuzaji alivyompunguzia bei aliposikia ametoka Tanganyika. Labda amechanganya mwaka. Wazee huchanganya.

Jicho_la_Tatu
Kwenye picha hiyo gitaa lipo?

Mkaa_Waterbury
Halipo.

Fundi_Nyuzi
Mkuu, usikasirike. Nijibu mawili. Uso wa gitaa una mistari ya mbao, au ni laini kabisa kama rangi ya gari? Na mgongoni, kwenye bakuli, kuna kifuniko cha mviringo. Kifungue umulike ndani na simu, usome lebo.

Mkaa_Waterbury
Mistari ya mbao ipo. Ufa wenyewe umefuata mstari. Kifuniko sijawahi kukifungua, mzee alikuwa hataki kiguswe. Nipeni dakika kumi.

Chumvi_ya_Mawe
Dakika kumi. Naongeza karanga.

Fundi_Nyuzi
Wakati tunasubiri: Adamas uso wake ni kaboni. Hauna mistari ya mbao ya kupasuka namna hiyo. Sisemi zaidi.

Sauti_ya_Tatu
Dakika arobaini sasa.

Mkaa_Waterbury
Lebo imeandikwa Celebrity. Chini yake, Korea.

Fundi_Nyuzi
Pole, mkuu. Na hii pole ni ya kweli. Celebrity ni Ovation, bakuli ni bakuli, lakini ni zile za bei ya chini, zilikuja miaka ya themanini na kuendelea. Si gitaa baya, nimetengeneza mengi na yanaimba vizuri. Ila halikununuliwa Hartford mwaka 1974. Haiwezekani.

Mama_Hesabu
Yule mkusanyaji ulimwambia ni nini?

Mkaa_Waterbury
Nilimwambia nilichoambiwa.

Mama_Hesabu
Basi mwandikie leo hii kabla hajawasha gari. Mpe picha ya lebo. Na 150 yake umrudishie, hata kama ya dukani itapotea.

Jicho_la_Tatu
Naondoa neno langu kwa mleta mada. Chai ipo, ila aliyeipika hayumo humu.

Ustadh_Kibao
Usimseme mzazi wa mwenzio.

Mkaa_Waterbury
Nimepiga simu nyumbani. Mzee alikuwa amelala, akapokea mama. Nikamuuliza kijanjajanja: mama, hivi lile gitaa la baba alilinunua wapi? Akaniuliza, "Lipi? La kwanza au la pili?"

Nikakaa kimya. Na yeye akakaa kimya. Halafu akaniuliza kama huku bado ni baridi.

Binti_Pangani
La kwanza lilikwenda wapi?

Mkaa_Waterbury
Sikuuliza.

Sauti_ya_Tatu
Wewe ulizaliwa mwaka gani, mkuu?

Mkaa_Waterbury
1989. Ada ya sekondari ya bweni tulilipiwa wote watatu na mshahara wa bima, hivyo ndivyo nilivyojua. Naombeni tusiendelee na hilo.

Bwana wa Jumamosi nimemwandikia. Amesema asante kwa ukweli, haji. Hela yake nitamrudishia mshahara ukitoka. Dukani wamesema 150 yangu wataishikilia mwezi mmoja, hawarudishi taslimu.

Fundi_Nyuzi
Huyo fundi wa dola 480 mwachie Adamas. Ufa wa Celebrity unabanwa kwa gundi na vipande vya mbao kwa ndani, unaingizia mkono palepale kwenye kifuniko. Njoo inboksi nikuelekeze, kazi ya wikiendi mbili. Na zile nyuzi, toa kile kidaraja cheupe uangalie chini yake. Kuna vipande vyembamba vimewekwa pale makusudi, ukitoa kimoja au viwili zinashuka.

Mkaa_Waterbury
Nimetoa viwili. Zimeshuka.

Mzee_wa_Galatoni
Sasa niwamalizie ile ya feri ya Likoni?

Chumvi_ya_Mawe
Malizia, mzee. Na wewe Mkaa, kwa hiyo ya 150 iliyoganda dukani, mwenzio wa Moshi alishakwambia tangu mwanzo: chukua mkanda wa begani.