Naomba ushauri: Ightham Mote au Baddesley Clinton?

Habari zenu wadau. Nipo Uingereza, na shemeji yangu, mwalimu wa historia sekondari, anakuja kunitembelea. Anataka kuona zile nyumba za kale zilizozungukwa na handaki la maji. Mahali penye mahandaki hayo ni zaidi ya 5,000 nchi hii, mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi wa Suffolk na Essex. Watu hudhani ni ngome za vita. Mimi naona mengi yalikuwa ya kujionyesha tu, pamoja na kufugia samaki wa kula Ijumaa, siku ambayo Wakristo wa enzi hizo hawakula nyama.

Ightham Mote kule Kent ni nzuri mno, maji yanalamba kuta zenyewe. Ila Baddesley Clinton, Warwickshire, ndiyo yenye kisa: mwaka 1591 mapadri Wakatoliki walijificha kwenye mfereji wa maji taka chini ya nyumba, miguu majini, wasakaji wa serikali, iliyokuwa imewapiga marufuku, wakipekua vyumba juu yao.

Siku tunayo moja tu, na magoti ya shemeji hayapendi ngazi. Mliofika, ipi inafikika bila gari? Au tutafute handaki lisilo na nyumba tena mashambani Suffolk, kusiko na kiingilio? Huo udongo ukilowa si mchezo, kwa hiyo na viatu mnishauri.