Mjadala: Saikolojia jamii inayofundishwa vyuoni inamzungumzia nani?

Wakuu, salaam. Juzi, tukizungumzia saikolojia jamii, yaani somo la jinsi watu wanavyoathiriana, mwenzetu mmoja aliandika hapa kwamba binadamu ni binadamu, na kilichothibitishwa Marekani kimeshathibitishwa hata kwa Mgogo. Nimeshindwa kuinyamazia hoja hiyo, maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaimeza vivyo hivyo kila muhula.

Nianze na niliyoyaona. Niliwahi kuwa mdadisi kwenye utafiti mmoja vijijini. Dodoso letu lilikuwa na sentensi kumi za mtafiti wa Marekani, Rosenberg, zile za mwaka 1965 za kupima mtu anavyojithamini. Unamsomea mhojiwa, naye anasema anakubali kabisa, anakubali, anakataa au anakataa kabisa. Nikamsomea bibi mmoja, tumekaa mkekani, yeye anachambua mlenda: "Najiona ni mtu mwenye thamani, sawa na wengine." Akaacha kuchambua, akanitazama. "Kwani nani amesema sina?"

Ilibidi nimwombe radhi. Kuanzia hapo kila sentensi aliitikia "ndiyo, mwanangu", hata ile isemayo kuna wakati najiona sifai kitu. Mgeni habishiwi. Jioni alama zake zikajumlishwa na za wengine, na ukizitazama utadhani ni mtu wa katikati tu. Kumbe kilichopimwa pale ni adabu yake kwa mgeni.

Sasa tazameni vitabu vimejengwa juu ya nani. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya sampuli zilizotafitiwa zimetoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Nchi hizo zina takriban asilimia 12 ya watu wote duniani. Na wengi wa waliopimwa ni wanafunzi wa chuo, kwa sababu ndio walio karibu na ofisi ya profesa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko jirani: Waorma wa Kenya, wafugaji. Mtafiti Jean Ensminger aliwachezesha mchezo wa fedha: watu wanne, kila mmoja anaamua peke yake atie kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja, kilichomo kinazidishwa mara mbili, kisha wanagawana sawa. Maabarani mchezo huu ulibuniwa kama fumbo la ubinafsi, maana hata asiyetia kitu anapata mgawo. Waorma walipoelezwa wakaupa jina papo hapo: mchezo wa harambee! Wakatoa kwa ukarimu, na wenye mali wakatoa zaidi, kama wafanyavyo kijiji kinapojenga shule. Katika mchezo mwingine wa kugawana fedha, ambao haukuwakumbusha harambee, utajiri haukuonyesha tofauti hiyo. Watu walewale, fedha za mtafiti yuleyule. Ukisoma takwimu tu bila kujua neno harambee, umeelewa nini?

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, la bibi ni kosa la tafsiri na la mafunzo ya wadadisi, usiitwishe sayansi. Mwanasaikolojia Asch katika miaka ya 1950 aliwaonyesha watu mistari waseme upi unalingana na ule wa mfano, akawapanga wote ila mmoja wataje kwa makusudi mstari usio sahihi, na yule mmoja asiyejua mpango akawafuata katika takriban theluthi ya majibu. Jaribio hilo limerudiwa mno. Watafiti Bond na Smith mwaka 1996 walikusanya tafiti 133 za nchi 17, na kufuata mkumbo kupo kote. Huo si ubinadamu mmoja?

*Mwanzisha mada:* Tafsiri tuliirudisha kwa Kiingereza na ikafanana, ndugu yangu. Maneno yalikuwa sahihi. Tendo la kumwuliza mtu mzima swali lile ndilo lilikuwa geni. Kuhusu Bond na Smith, wasome hadi mwisho. Walikuta mkumbo una nguvu zaidi kwenye jamii zinazotanguliza kundi, na Marekani kwenyewe ulikuwa umepungua tangu siku za Asch. Basi ile theluthi ni ya mahali pale na wakati ule. Tumelijua hilo kwa sababu wapo waliokwenda kupima kwingine. Tabia ipo kote, nakubali, ila kipimo chake na sababu yake huwezi kuviagiza kama mtumba.

*Mchangiaji wa pili:* Mimi nalifundisha somo hili. Nikiwaondoa Asch na Milgram, yule aliyepima watu wanavyotii amri hata ya kumuumiza mwenzao, wanafunzi wangu watafeli mtihani. Vitabu vilivyopo ndivyo hivyo.

*Mwanzisha mada:* Mwalimu, usiwaondoe. Milgram alipotangaza gazetini kule New Haven, Marekani, mwaka 1961 kwamba anatafuta watu kwa dola 4 na nauli senti 50, alijua anamwita nani. Wanafunzi waanzie hapo: nani aliitwa, na alidhani ameitiwa nini? Kisha wape sentensi moja ya Rosenberg wakamsomee mama au mjomba nyumbani, wasiandike jibu, waandike alivyolielewa swali. Hilo halihitaji kitabu kipya wala bajeti. Na kwenye mtihani weka swali moja la Waorma. Nipo tayari kukusaidia kusahihisha.