Vikokotoo vya kliniki: MDCalc, QxMD au kalamu nyuma ya faili?

Mwanagenzi_Kisumu
Wakubwa, shikamooni. Nimeanza uanagenzi hapa Kisumu na kila ninayemfuata kwenye raundi ana kikokotoo chake. Huyu ana MDCalc, yule Calculate ya QxMD, zote programu za simu, na daktari wetu mkubwa hupiga hesabu kwa kalamu nyuma ya faili, anamaliza kabla hatujafungua simu. Simu yangu imejaa na bando nanunua la siku. Nikibaki na moja tu, iwe ipi? Ninaokutana nao sana ni wa figo, nimonia na majeraha ya moto.

Tabibu_Bondo
MDCalc, tufunge mada. Iliasisiwa 2005 na madaktari wawili wa dharura wa Marekani, Graham Walker na Joseph Habboushe, na ukiitumia unajua kabisa imetengenezwa na watu waliowahi kukesha zamu. Kila alama ya kukadiria hali ya mgonjwa ina maelezo: inamfaa nani, mitego yake, na utafiti ulioizaa. QxMD inakuuliza swali moja moja, ni rahisi ukiwa na usingizi. Zote mbili ukishapakua zinafanya kazi hata mtandao ukipotea, kwa hivyo bando lisikusumbue.

Kwa nimonia, huku kwetu CURB-65, ile alama ya kupima ukali wake, hunikwama kwenye yurea, kipimo cha damu, kwa sababu usiku maabara imefungwa. Tumia CRB-65: kuchanganyikiwa, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha ya juu chini ya 90 au ya chini 60 kushuka, na umri wa miaka 65 kwenda juu. Hiyo hata simu haihitaji.

Mfamasia_Nakuru
Usifunge bado, kaka. Mimi naona programu zote hizo ni sawa tu. Watu huumia kwenye yuniti. Maabara zetu nyingi hutoa kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kwa mikromoli kwa lita, Wamarekani wanatumia miligramu kwa desilita, na 1 yao ni 88.4 yetu. Chukua mama wa miaka 45, kilo 50, kreatinini 130. Cockcroft-Gault ya 1976, fomula ya kukadiria figo zinasafisha damu kiasi gani: 140 toa 45, zidisha kwa 50, zidisha kwa 1.04 (mwanamume ni 1.23), gawa kwa 130. Unapata mililita 38 kwa dakika. Kama anameza dawa ya VVU, tenofovir ya aina ya TDF, yuko chini ya 50 tayari na lazima tuzungumze.

Ukiingiza 130 kwenye kisanduku cha miligramu utapata 0.4 na utashtuka mwenyewe. Sukari ndiyo haishtui mtu. Barua ya rufaa imeandikwa "sukari 25", yuniti hakuna. Kwa milimoli huyo sukari imepanda vibaya. Kwa miligramu ni 1.4 tu, anahitaji glukosi sasa hivi. Hakuna programu itakayokuamulia hilo. Pima tena kitandani.

Dkt_Kakamega
Mfamasia kasema kweli, ila yuniti si mwisho wa mambo. Angalieni pia fomula ni ya mwaka gani. CKD-EPI ya 2009, fomula nyingine ya kukadiria kazi ya figo, ilikuwa na kisanduku cha "mweusi" kilichozidisha matokeo kwa 1.159. Mgonjwa mwenye 52 anapanda hadi 60, na figo iliyoharibika inaonekana nzima kwa kutiki tu! Ile ya 2021 imeondoa kisanduku hicho. Programu ambayo haijasasishwa bado itakuuliza rangi ya mgonjwa. Hapa Kakamega sijui ningekuwa nauliza nani.

Mwanagenzi_Kisumu
Lakini daktari, CKD-EPI haitaki uzani, na wengi wangu hawawezi kusimama kwenye mizani. Si ni afadhali niitumie hiyo kwa kila kitu?

Mfamasia_Nakuru
Kwa kufuatilia ugonjwa wa figo, itumie. Kwa dozi, kumbuka jibu lake limesawazishwa kwa mwili wa mita mraba 1.73. Bibi wa kilo 38 si mwili huo. Na dawa nyingi za zamani dozi zake zilipangwa kwa Cockcroft-Gault.

Sista_Wadi7
Wanagenzi wangu, kwenye moto nawaomba kitu kimoja. Parkland, fomula ya dripu ya siku ya kwanza, mnaijua wote: mililita 4 mara kilo mara asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua 25% ni lita 6, nusu iingie saa 8 za kwanza. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua! Aliyetoka Siaya akafika kwetu saa 3 baadaye amebakiza saa 5, kwa hiyo lita 3 zake ni mililita 600 kwa saa, si 375 kama mnavyoniandikia. Kama amekwishapewa dripu njiani, itoeni kwenye hesabu. Halafu mtazame mkojo, kwa sababu fomula ni ya kuanzia tu.

Mwanagenzi_Kisumu
Asante Sista. Na watoto je?

Tabibu_Bondo
Watoto weka simu mfukoni. Beba kile kijitabu cha Wizara cha itifaki za watoto, dozi zimepangwa kwa kilo na unasoma mstari mmoja.

Sista_Wadi7
Na mtoto apimwe uzani, asikisiwe. Mizani iko karibu na dirisha, betri nimebadilisha.