Je, nifungie bidhaa kabatini kwa sababu ya wizi dukani?

Mwenye Duka, Nakuru

Wanajukwaa, salaam. Nina duka la kujihudumia mtaani Section 58, lenye safu nne za rafu na keshia wawili. Mwezi uliopita tulipohesabu bidhaa tuligundua upungufu wa nyembe, betri, mafuta ya kujipaka na hasa maziwa ya unga ya watoto, ambayo faida yake ni ndogo kiasi kwamba mkebe mmoja ukiibwa nalazimika kuuza mingine kadhaa ndipo nirudi nilipokuwa. Juzi nilikuta pakiti ya nyembe imesukumwa nyuma ya mifuko ya unga, karatasi ipo na nyembe hazimo. Fundi yuko tayari kunitengenezea makabati ya vioo yenye kufuli kwa rafu nzima ya vipodozi na ya watoto. Mke wangu anasema tutakuwa tumerudi kwenye kioski cha nondo, na kwa kweli niliacha biashara ya nondo kwa sababu mteja anayetazama kwa mbali hununua kile alichotumwa tu. Nafikiria pia kuwakata wafanyakazi mshahara, kila mmoja fungu lake, mpaka hasara ifidiwe. Aliyewahi kupitia haya anishauri.

Mama Duka, Kisumu

Ndugu yangu, makabati hayo niliyaweka dukani kwangu Kondele na nikayaondoa baada ya miezi mitano. Wizi wa bidhaa zilizofungiwa ulikwisha, sikatai, lakini wanunuzi wake nao walipungua. Ufunguo ulikuwa mmoja, mfukoni mwa kijana ambaye saa kumi na mbili jioni, watu wanapotoka kazini, ndipo alipokuwa stoo akishusha sukari. Siku moja nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni akigonga kioo kwa sarafu, taratibu, kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Alipochoka aliweka kikapu sakafuni, kikiwa na unga na mafuta ya kupikia ndani, akaenda zake. Mkebe wa maziwa ulibaki salama, ila mauzo ya kikapu kizima nikayakosa. Sodo ndizo zilizoniumiza zaidi, kwa kuwa wasichana hawakuwa tayari kumwita mvulana aje kuwafungulia. Siku hizi maziwa ya watoto yako nyuma ya keshia, nyembe ziko mahali anapoziona bila kugeuza shingo, na vingine vyote viko wazi.

Msomaji, Kakamega

Hilo la Mama Duka si la Kondele peke yake. Huko Marekani, ambako maduka makubwa yamefungia hata dawa ya meno na sabuni, mkurugenzi mkuu wa wakati huo wa Walgreens, kampuni ya maduka ya dawa, Tim Wentworth, alikiri Januari 2025 kwamba bidhaa ikifungiwa haiuziki kama zamani. Januari 2023 mkurugenzi wa fedha wa kampuni hiyohiyo, James Kehoe, alikuwa amesema kwamba huenda walilia kupita kiasi kuhusu wizi, maana upotevu ulikuwa umeshuka kutoka takriban asilimia 3.5 ya mauzo hadi karibu asilimia 2.5. Desemba mwaka huo shirikisho la wauzaji wa rejareja la huko liliondoa dai lake kwamba magenge ya wezi yalihusika na karibu nusu ya upotevu wa dola bilioni 94.5 wa mwaka 2021. Wizi upo, lakini hesabu ya upungufu haikuambii ni nani aliyechukua, kwa kuwa ndani yake mna wateja, wafanyakazi, wasambazaji na makosa ya kuandika.

Keshia Mstaafu

Aliyetangulia amenitoa neno mdomoni. Nilifanya kazi kaunta na stoo kwa miaka mingi, na ninachoshangaa ni jinsi wenye maduka wanavyolinda mlango wa mbele kwa kamera na mlinzi, huku ule wa nyuma ukiachiwa mtu mmoja mwenye usingizi. Lori la mkate hufika alfajiri, kreti zikiwa zimepangwa juu kwa juu, na mpokeaji huhesabu kreti, hahesabu mikate. Nimewahi kuvuta kreti ya katikati nikakuta nafasi mbili tupu, na hati ya kupokelea ilikuwa imeshatiwa sahihi. Kaunta nayo ina yake: keshia hupitisha sabuni moja kwenye mashine na tatu zikaingia mfukoni mwa rafiki, kisha mlinzi akagonga muhuri kwenye risiti bila kuisoma. Kabati la vioo halizuii lolote kati ya hayo. Kila jioni chagua bidhaa kumi zinazopotea sana, uzihesabu mwenyewe dhidi ya mauzo ya siku hiyo, na baada ya majuma mawili utajua zinapotea zamu ya nani.

Afisa wa Wafanyakazi, Eldoret

Kuhusu mshahara, tahadhari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kumkata mfanyakazi kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa makusudi yake mwenyewe, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kugawanya hasara sawasawa kwa watu ambao hujathibitisha kosa lao hakumo humo. Na mkimkamata mtu akiiba, sheria inataka akabidhiwe polisi bila kucheleweshwa, kwa hiyo msimfungie stoo wala msimpige.

Mwenye Duka, Nakuru

Asanteni nyote. Mpango wa kukata mishahara nimeuacha, na fundi nimemwambia atengeneze kabati moja dogo tu, la maziwa ya watoto, likae nyuma ya keshia. Leo saa kumi na moja alfajiri nimepokea mkate mwenyewe na kuuhesabu mmoja mmoja, dereva akipiga honi muda wote. Katika kreti sita ilipungua mikate mitatu. Dereva alidai ni makosa ya kiwandani, akaongeza kwamba katika mwaka mzima hakuna aliyewahi kumuuliza.