Kanga kuukuu, sindano na uzi: nawezaje kupata kazi yenye sauti yangu?

PindoJekundu:
Habari wadau. Nadarizi foronya na vitambaa vya meza kwa kufuata michoro iliyochapwa. Sasa nataka kazi ya kutundika ukutani, ya kubuni mwenyewe. Nina doti mbili za kanga kuukuu, marekani mita 2 na nyuzi za kudarizi. Nikianza bila mchoro nachanganya kila mshono ninaoujua, kitambaa kinakunjamana, na sioni nataka kusema nini. Nianzie wapi?

Bandi_na_Pindo:
Punguza. Chukua mshono mmoja tu, ule wa kupita juu na chini kama wa kupiga bandi, na uzi wa rangi moja. Kata vipande 9 vya sentimita 15 kwa 15, kanga juu, marekani chini. Vitatu vya kwanza badilisha nafasi kati ya mistari: milimita 3, 6, 12. Vitatu vinavyofuata badilisha unene: uzi wa kudarizi una nyuzi 6 ndani yake, basi uchambue, utumie 1, kisha 3, kisha zote 6. Vitatu vya mwisho badilisha mvuto: legevu, wa kawaida, uliokazwa kabisa. Andika nyuma kwa penseli ulichofanya.

Vibandike ukutani pamoja, simama mbali. Kimoja au viwili vitakuvuta kuliko vingine. Anzia hapo, shona 9 vingine. Kuwaza maana kabla ya kushika sindano ndiko kunakowakwamisha wengi. Ukiwa na vipande 18 mbele yako utaanza kuona unachokipenda.

UziMbili:
Kuhusu kukunjamana, sababu kubwa ni tatu. Marekani haikufuliwa, kwa hiyo itasinyaa ikilowa huku kanga kuukuu ikibaki ilivyo. Tabaka hazikushikizwa. Au unavuta uzi hadi mwisho kila unapochomoa sindano.

Fua marekani kwa maji ya moto, pasi. Kanga ijaribu kwanza: lowesha kitambaa cheupe, kandamiza juu ya rangi nyekundu au nyeusi, pasi juu yake. Ikichuja, ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Chumvi na siki usizitegemee. Piga bandi ukianzia katikati kwenda pembeni, mistari iachane kama sentimita 8. Uzi usizidi sentimita 45, ukiwa mrefu unasuguka na kujifunga mafundo. Kila mwisho wa mstari, lainisha kitambaa kwa kidole gumba kabla ya kufunga.

Mji_wa_Kanga:
Naongezea. Kanga tayari ina pindo, mji na jina, hivyo si turubai tupu. Jiulize mshono wako unafanya nini juu yake: unafuata ua, unalikata, au unalifunika? Kwa Wabengali, kantha hushonwa kwa sari kuukuu zilizopangwa tabaka, na mshono huohuo mdogo ndio unaozishika na kuchora picha. Wajapani nao walitia viraka nguo za rangi ya nili, kiraka juu ya kiraka. Leo nguo hizo za viraka, ziitwazo boro, zimo kwenye makumbusho.

Jina la kanga ni tamu lakini lina hatari: ukiliacha zima, mtazamaji atasoma maneno na kuacha kuangalia mshono. Likate katikati ya neno, au ligeuze, lionekane kwa nyuma.

PindoJekundu:
Asanteni sana. Je, nikitaka mikunjo kwa makusudi?

UziMbili:
Inawezekana, na ni nzuri mno. Tumia tabaka moja ya kanga, uzi imara wa pamba, mishono ya milimita 10. Shona mistari yote kwanza bila kukaza, acha mkia wa sentimita 10 kila upande. Kisha vuta mikia miwili miwili, funga. Nyunyizia maji, acha ikauke ikiwa imefungwa. Usipige pasi. Anza na kitambaa kikubwa mara mbili ya unachotaka kupata, maana kukaza kunakula upana.

Bandi_na_Pindo:
Na usikate mikia mpaka siku ya kutundika.