Tupeane uzoefu: siku uliyokaa benchi moja na shabiki wa nchi pinzani

Mwenye mada (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Tangu iishe CHAN ya Agosti 2025, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani tuliloandaa Kenya, Tanzania na Uganda, kuna jambo linanikaa kichwani. Mechi za klabu tunarushiana maneno na kesho yake yamekwisha. Lakini Harambee Stars, timu yetu ya Kenya, ikicheza na majirani, ghafla kila mtu anageuka bingwa wa tabia za mataifa: Mtanzania mdomo tu, Mganda mpole wa kinafiki, Mkenya kiburi na Kiswahili cha kuokoteza. Uchambuzi wa mpira sitaki, umejaa kote. Nataka kisa chako: ulikaa na nani, mlisemezana nini, mliachanaje. Kuanzia Nakuru hadi Busia, karibuni.

Dagaa Kavu
Mimi ni Mtanzania, biashara yangu ya dagaa iko hapa Kisumu. Tarehe 22 Agosti sitaisahau. Kenya walicheza na Madagascar jioni pale Kasarani, sisi na Morocco usiku uleule Dar. Nikaingia kibanda cha mpira Kondele na jezi yangu ya Taifa Stars. Kijana wa bodaboda akanisogezea kiti: "Karibu Bongolala, kaa mbele ujifunze." Ndivyo wanavyotutania Watanzania. Nami nikamrudishia utani wetu kwa Wakenya, "Asante Nyang'au, nitajifunza kulia." Watu wakacheka, tukaanza vizuri.

Omija wa Kenya alipofunga mapema kipindi cha pili, nilipigwa mgongo na watu nisiowajua. Madagascar wakasawazisha kwa penalti, mechi ikaenda matuta, yaani mikwaju ya penalti, Kenya wakatolewa 4-3. Kibanda kizima kimya. Na mimi nikanyamaza. Msinisifu kwa adabu, ilikuwa hesabu tu: mimi mmoja, wao kibanda kizima. Yule kijana ndiye aliyegeuka akaniambia, "Cheka bwana, si ulikuwa unangoja? Ni haki yako." Kicheko chenyewe kikakataa kutoka.

Usiku wengine walibaki ili kushangilia Morocco, kunikomoa tu. Kijana akawakatalia. "Hawa tuliwapiga 1-0 tukiwa watu 10! Huyu ana 11 wazima, mwacheni amalize kazi." Hatukumaliza. Lamlioui wa Morocco akafunga, 1-0, nasi nje. Kesho yake Uganda nao wakatolewa na Senegal 1-0 kwao, uwanja wa Namboole. Wenyeji wote watatu tukabaki kama waliofanya harusi, wageni wakala, sisi tukaosha sufuria. Kijana yule sasa ndiye anayenibebea magunia yangu. Bado naitwa Bongolala, na bei ya kubeba hajanipunguzia.

Kondele Halisi
Hapo kwa bei umesema ukweli, hao vijana hawajui urafiki 😂

Mzee wa Jukwaa
Vijana mnasahau CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, ya Desemba 2017. Nusu fainali, Uganda na Zanzibar, hapa hapa Kisumu, Moi Stadium. Nyuma yangu palikaa watu waliokuwa wamehukumu kabla ya filimbi: Wazanzibari watu wa pwani, wanapenda kivuli, dakika ya 60 watalala. Na Uganda walikuwa ndio wanaoshikilia kombe. Basi Zanzibar wakawafunga 2-1, tena kwa kukimbia. Mashabiki wa Uganda walikuwepo na ngoma zao. Mechi ilipokwisha hawakuziacha, waliendelea kupiga mpaka nje ya geti. Kijana mmoja wa hapa akawapigia kelele warudi kwao wakale matoke. Mama mmoja muuza njugu akamwambia, "We mtoto, hao ndio wameninunulia njugu. Wewe umenunua nini?"

Fainali Zanzibar walitoka 2-2 na Kenya kule Machakos, tukawashinda kwa matuta. Waliohukumu kabla ya filimbi sikuwasikia tena.

Mpakani Tu (Busia)
Kwetu hayo mambo ya Mkenya na Mganda ni magumu. Sisi Wasamia tuko pande zote mbili. Oktoba 2011 Uganda walihitaji kutufunga Namboole ili waende AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2012. Mjomba wangu anakaa upande wa Uganda, alivuka asubuhi kuja kuangalia kwetu kwa sababu huko kwake kulikuwa na presha. Ikaisha 0-0, wote tukakosa. Mjomba akasimama, akaniambia, "Mpwa, nyinyi Wakenya mkikosa chakula mnamwaga na cha jirani." Nikasema, "Mjomba, na nyama uliyokula hapa ni ya nani?" Mama akatufukuza wote wawili nje tukamalizie ugomvi huko.

Mwalimu Nakuru
Mimi naongeza kidogo. Kombe la Dunia la 2022 Japani walipoifunga Ujerumani 2-1 Qatar, mashabiki wao wakaokota taka uwanjani, na wanafunzi wangu wakaandika insha nzima: Wajapani ni wasafi. Sawa. Lakini mashabiki wa Senegal walifanya hivyohivyo Moscow mwaka 2018 baada ya kuifunga Poland, na sijasoma insha hata moja. Sifa nayo hugawiwa kwa sura, si kwa kazi. Hilo linaniudhi kuliko matusi.

Kondele Halisi
Mwalimu, mimi utani siachi, bila utani mpira ni mazoezi ya viungo. Timu yako mbovu nitasema. Kocha wako nitamsema. Ukianza kunitajia rangi yangu na mamangu hapo tutatafutana. Na Uruguay nawachukia wote tangu Suárez wao azuie kwa mkono goli la Ghana kwenye Kombe la Dunia la 2010, ingawa sijawahi kukutana na hata mmoja 😅

Mama Chai Salgaa
Hoteli yangu iko barabarani, madereva wa malori wanatoka Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania. TV ni yangu, kwa hivyo sheria ni yangu: ukitaja nchi ya mtu kwa ubaya, unalipia meza nzima chai. Juni 2019, Kenya na Tanzania kule Cairo, dereva mmoja wa Tanzania alipoona Samatta amewaweka mbele 2-1 akaropoka, "Wakenya kazi yenu riadha, mpira waachieni watu!" Nikaanza kuhesabu vikombe. Omolo akasawazisha, Olunga akafunga la tatu. Yule dereva alilipa bila kelele, akaongeza na mandazi, akasema hayo ni ya Olunga.

Mwenye mada (Kisumu)
Mama, na wakati wa CHAN sheria ilifanya kazi?

Mama Chai Salgaa
Ilifanya sana. Wakenya ndio walilipa zaidi. Kuna Mganda mmoja wa lori la simiti aliondoka usiku ule wa Senegal bila kulipa, mkimwona huko Busia mwambieni ni vikombe sita.