Mshono wa mama aliyejifungua kwa upasuaji umetunga usaha: namba sahihi ya ICD-10 ni ipi?

Faili la Wodini:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya katika hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania; kila ugonjwa tunaupa namba kutoka ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kuna faili limenikalia mezani wiki ya pili sasa.

Mama alijifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa siku ya 3. Siku ya 9 akarudi na homa, mshono umevimba na unatoa usaha. Akalazwa, daktari akafungua nyuzi kadhaa usaha utoke, akaanzishiwa dawa za sindano, kidonda kikawa kinasafishwa kila siku. Alipona, yuko nyumbani na mtoto wake. Ila kwenye faili daktari aliandika kwa ufupi tu: "sepsis ya mshono".

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Mmoja wetu aliweka T81.4, maambukizi baada ya upasuaji. Mwingine akasema neno lililoandikwa ni sepsis, kwa hiyo O85, sepsis ya uzazi. Wa tatu akatafuta kwenye simu akapata O86.02, tukaijaza kwenye fomu ya madai ya bima, ikarudi kwamba namba haitambuliki. Siumii kwa ajili ya malipo peke yake. Nikiandika ovyo, huyu mama atahesabiwa na wagonjwa wa ngiri na kidole tumbo, na wodi ya wazazi itaonekana haina tatizo la mishono.

Sista wa Zamu:
Pole mwenzangu. Hiyo ni O86.0, maambukizi ya kidonda cha upasuaji wa uzazi. Fungua Juzuu ya 1 ya ICD-10 usome chini ya O86.0: wameandika wazi kwamba mshono wa upasuaji wa uzazi uliopata maambukizi unaingia hapo. Na kama usaha ulipelekwa maabara ukaotesha Staphylococcus aureus, ongeza B95.6 kama namba ya pili. Isikae ya kwanza hata siku moja, kazi yake ni kutaja kidudu tu.

Mwanafunzi wa Afya:
Si mshono uliachia? Mbona isiwe O90.0?

Sista wa Zamu:
Mdogo wangu, soma tena. Mshono haukuachia wenyewe, daktari ndiye aliyeufungua makusudi. O90.0 ni pale mshono unapofumuka.

Mbongo wa Minnesota:
Mkuu, nadhani najua ile O86.02 ilikotoka, maana kazi yangu huku Marekani ndiyo hiyo hiyo ya namba. Huku tunatumia toleo letu, ICD-10-CM, na tangu Oktoba 2018 O86.0 imegawanywa: O86.01 ni maambukizi ya juu kwenye ngozi, O86.02 yameingia ndani kwenye misuli, O86.03 yamefika kwenye viungo vya ndani, O86.04 ni sepsis baada ya upasuaji wa uzazi. Toleo la WHO mnalotumia nyumbani halina hizo tarakimu za mwisho. Ukitafuta kwenye intaneti, za Marekani ndizo zinazotangulia, na wengi wananaswa hapo. Waambie wenzako wafungue kitabu cha WHO, waachane na simu.

Mama Wawili:
Samahani kuingilia, mimi si wa afya. Wangu ulikuwa mshono wa chini, niliongezewa njia, ukatunga usaha nikashindwa hata kukaa kunyonyesha. Na sisi tunaandikwa wapi?

Sista wa Zamu:
Pole sana dada yangu. Namba ni hiyo hiyo O86.0, inabeba na mshono wa chini. Usiache kuuliza, haya ni yenu.

Daktari wa Wilaya:
Nakubaliana na Sista, ila Faili la Wodini usiibadilishe wewe. Rudi kwa aliyemtibu. Sisi madaktari tunaandika "sepsis" tukimaanisha usaha tu, na hilo ni kosa letu. O85 ni sepsis ya uzazi: maambukizi yamesambaa mwilini, au yapo ndani ya kizazi. Mwulize: kizazi kilikuwa na shida? Uchafu wa uzazi ulikuwa na harufu? Presha ilishuka? Kama yote ni hapana, aandike "maambukizi ya mshono wa upasuaji wa uzazi", asaini na tarehe. Halafu angalia kama kuna mtu kajaza tena O82, namba ya kujifungua kwa upasuaji. Upasuaji ulifanyika alipolazwa mara ya kwanza, safari hii alikuja kutibiwa kidonda.

Faili la Wodini:
Mrejesho wakuu. Nimemfuata daktari wodini asubuhi, amekiri kizazi kilikuwa salama na presha haikuyumba. Ameandika upya na kusaini. Majibu ya maabara yalikuwa yamekunjwa nyuma ya faili, ni Staphylococcus aureus kweli. Kwa hiyo O86.0, kisha B95.6. O82 ilikuwepo, tumeiondoa. Mchana nimepekua mafaili ya wazazi tangu Januari, nimekuta mengine 4 yenye T81.4. Kesho nayapeleka kwake.